Vipande Mia Tatu Tisini na Saba vya Tapi

Kabla hamjanisikiliza, vueni viatu. Nyinyi vijana mnaopokea kazi ya kuchunga tereni la mpira, iwe hapa Kasongo, iwe Kabambare, viatu ni vya wachezaji. Mchungaji wa tereni anatembea pekupeku, kwa sababu unyayo unaona shimo ambalo jicho limelipita. Mimi nilitembea pekupeku miaka ishirini na tisa juu ya nyasi. Halafu miaka miwili juu ya tapi, yale majani ya plastiki, na huko nilivaa makandambili, kwa kuwa saa sita mchana kitu kile kinaweza kukaanga yai. Jumla miaka thelathini na mmoja. Nimeihesabu mara mbili.

Sokoni wananiita Papa Saleh Mara-Mbili. Muuza dagaa akiniona nakuja anaanza kuhesabu mafungu yake mwenyewe, anisaidie kazi. Siyo tusi. Lakini leo sisemi kujisifu. Kuna siku nilihesabu kila kitu sawasawa na bado nikaharibu mguu wa mtu. Mtu huyo anaitwa Amisi. Alikuwa winga wa kulia wa ekipi yetu, timu ya hapa Kasongo, na mechi moja tu ilibaki kati yake na mpira wa kulipwa. Nitafika kwake. Mnivumilie nizunguke kidogo, maana pale pa kufika hapanipendezi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sumaili, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Nyasi za tereni letu alizipanda kwa mkono wake. Alichimbua zile fupi zinazotambaa, huko kando ya Lualaba, akazileta kwa vikapu, akazipanda shimo kwa shimo mvua za kwanza zilipoanguka, kiganja kimoja kati ya shimo na shimo.

"Nyasi inayosimama ni ya mbuzi," aliniambia. "Inayotambaa ni ya mpira. Ukisahau hiyo, rudi kwa mama yako."

Mwaka wangu wa pili alikwenda kwenye matanga Kabambare, akaniachia tereni. Mvua ikapiga, udongo ukawa uji. Ekipi mbili za mtaa zikanijia na jogoo, niwafungulie wacheze. Nikawaambia jogoo mmoja ni wa nusu mechi. Wakaleta wa pili. Wakacheza dakika zote tisini, na walipotoka, tereni lilionekana kama nguruwe wamefanya mkutano pale.

Mzee Sumaili aliporudi hakunipiga. Alisimama tu pembeni.

"Saleh, hesabu mashimo."

Nikahesabu. "Mia mbili na kumi na mbili, Mzee."

"Rudia."

"Mia mbili na kumi na tisa."

"Unaona? Saba yalitaka kukukimbia. Sasa yazibe."

Andikeni hii: udongo wa kichuguu uliopondwa, mchanga kidogo, samadi iliyooza kabisa, na mche mmoja wa nyasi katikati. Unashindilia kwa kisigino, si kwa nyundo. Nilifanya wiki tatu. Siku ya mwisho akaniuliza jogoo wako wapi. Nikasema nimewala. "Wote wawili?" Wote wawili. "Basi nguvu iko. Nenda kazibe na lile shimo la mlangoni."

Sasa, mtaniuliza: Papa, tapi na nyasi, kipi bora? Kila kijana ananiuliza hivyo, akitaka niitukane tapi. Siitukani. Msimu wa mvua nyasi zetu zilikuwa bwawa, na bata walikuja bila kulipa kiingilio. Tapi iliyolazwa na mafundi wanaoijua, ikajazwa mchanga na zile punje nyeusi za mpira, maji yanapita chini, mpira unateleza bila kurukaruka, na mbuzi hawana la kufanya pale. Ekipi za kulipwa katika miji mikubwa zinaichezea. Wachezaji wao wanalalamika: magoti, vifundo, ngozi ya paja unayoiacha chini ukiteleza. Wenye viwanja wanajibu kwamba nyasi zinataka maji, mashine na mikono kila siku. Wote wana haki. Nyasi mbovu yenye mashimo inavunja mguu vilevile. Mimi tatizo langu ni dogo zaidi. Nyasi zetu zilikuwa nzuri, na tapi yetu niliikata mimi.

Ilikuwa hivi. Prezida wa ekipi yetu alikuwa negosia, mnunuzi wa dhahabu kule Salamabila. Kuna uwanja wa mji mkubwa uliokuwa unabadilisha tapi yake, naye akaipata ile ya zamani. Akaja kunitafuta terenini.

"Papa Saleh, ekipi ya divisheni ya kwanza itakuja kutufungulia tapi. Antrenere wao, kocha, amesikia habari za Amisi, anataka amuone kwa macho. Akimpenda, anaondoka naye siku ile ile. Lakini wamesema katika matope hawachezi."

"Na mimi kwenye tapi nitafanya kazi gani?"

"Utakuwa shefu, mkuu wa tereni."

"Kwani sasa mimi ni nani?"

"Sasa wewe ni mutu wa kupekupe."

Hilo la kupekupe lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Ule upanga uliopinda mwisho, wa kufyekea, ulikuwa umefanya mkono wangu wa kulia kuwa mrefu kuliko wa kushoto. Nikakubali. Na Amisi alitaka tapi kuliko wote. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba kama mti wa bendera, na mdomo haukuwa mbali na miguu kwa mbio.

"Papa Saleh, nyasi zako zinanipunguzia mwendo."

"Zinawapunguzia wote."

"Wote hawana mwendo wa kupunguzwa, Papa."

Nilimpenda kwa ajili ya hilo. Mama yake alikuwa akikaa pembeni siku za mechi na mgongo umelielekea tereni, kwa sababu hakuweza kutazama. Alikuwa anajua tu kwa kelele za watu.

Treni ilituletea tapi mpaka ng'ambo ya Lualaba. Mikunjo ishirini na tano, kila mmoja upana mita nne na urefu mita sitini na nne, mizito kama dhambi. Gari halikuwepo. Palikuwa na mitumbwi, na upande wetu wa mto palikuwa na watu wa kusukuma baiskeli. Mkubwa wa wabebaji, mtu mpole mwenye meno mawili ya mbele, alinipa mpango wake.

"Tunafunga mitumbwi minne pamoja, tunaweka mkunjo mzima juu. Ng'ambo ile, watu thelathini na miti mabegani. Siku moja, mkunjo mmoja."

"Siku ishirini na tano?"

"Na za kupumzika."

Mechi ilikuwa imebakiza siku thelathini na mbili. Nikakaa chini na kijiti, nikachora mchangani. Mkunjo mmoja ukikatwa mara kumi na tano unatoa vipande kumi na sita vya mita nne kwa nne, na kila kipande ni mzigo wa baiskeli moja. Mikunjo ishirini na tano, vipande mia nne. Siku tano, kazi imekwisha. Nikarudia hesabu. Mia nne.

"Na utaviunganisha namna gani?" akaniuliza yule wa meno mawili.

"Hiyo ni kazi yangu, ndugu."

"Mimi nauliza tu. Nguo ikikatwa, haisahau."

Nikambishia. Nikampeleka mbele na nyuma, nikamtajia watu wengine wenye baiskeli, nikajifanya naondoka mara mbili, mpaka akachoka akakubali. Vijana, katika maisha yangu nimeshindana bei na wauza mchele, wauza mbuzi, na baba mkwe. Ile ndiyo mara pekee ambayo ningetaka nishindwe.

Vikafika vipande mia tatu tisini na saba. Nilihesabu mara mbili, nikaongeza ya tatu kwa hasira. Kimoja kiliteleza kutoka mtumbwini, Lualaba ikakichukua. Cha pili nilikikuta baada ya mwezi kwa kinyozi mmoja karibu na soko, wateja wanaweka miguu juu yake. Nikanyolewa kichwa kizima ili nikichunguze vizuri, nikatambua alama yangu ya kisu. Cha tatu sikukiona tena, ila wapita njia waliniambia kwamba Lusangi kuna zizi la mbuzi ambalo linabaki kijani hata kiangazi.

Kwanza tulikwangua nyasi. Siku nne, majembe kumi na moja. Nyasi zinazotambaa hazitoki kirahisi, zinashika udongo kama mtoto anayekataa kupelekwa kwa mganga. Halafu tukalaza vipande. Mafundi viatu na mafundi magodoro walivishona kwa uzi wa nyavu za samaki, na chini tukapaka gundi ya viatu. Zile punje nyeusi za mpira, Prezida alisema ziko njiani. Sijui njia gani, maana hazijafika hata leo. Tukamwaga mchanga wa mtoni.

Pakabaki pengo la vipande vitatu. Nikafikiri niliweke wapi. Katikati, hapana. Mbele ya goli, hapana. Nikaliweka kwenye kona ya kulia, upande tunaoshambulia kipindi cha kwanza, nikisema kule mpira haufiki mara nyingi. Nikapunguza kingo za tapi, zikatoa vibamba vyembamba kama mikanda, tukavishona pale kimoja kimoja. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nimetazama mpira karibu kila wiki. Winga wa kulia anaishi kwenye kona ile. Anazaliwa pale na anakula pale. Na mimi nikaweka pale viungo vingi kuliko mahali pengine pote.

Mzee Sumaili alikuja kutazama. Alikuwa tayari anatembea kwa fimbo, na macho yamefifia. Akavua kandambili, akapita juu ya tapi taratibu, na kila kiungo alikisikia kwa unyayo. Nilimwona anasimama kidogo, anaendelea, anasimama.

"Nyasi ikikatika inajishona yenyewe," akasema. "Hii ikikatika, atashona nani?"

"Mimi, Mzee."

"Basi usilale, mupumbavu."

Akaenda kwenye lundo la nyasi tulizokwangua, akajaza kikapu mizizi, akaondoka bila kuaga. Alifariki kabla ya mechi. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuiona, halafu nikaona aibu kwa shukrani yenyewe.

Wageni walifika kwa ndege ndogo, na ndege ilikuwa iondoke saa kumi. Kwa hiyo mechi ikapangwa saa sita na nusu, jua likiwa katikati ya kichwa. Kapteni wao, mtu mzima aliyecheza miji mingi, alikuja asubuhi kutembea tereni nami. Alikuwa na adabu. Akaniuliza:

"Baba, vijana wenu wana viatu vya tapi?"

"Wana viatu."

"Hapana, Baba. Tazama." Akainua mguu. Chini ya kiatu chake palikuwa na kramponi fupi, nyingi, kama punje za mahindi. "Zile sita ndefu ni za matope. Juu ya nyasi, mguu ukikwama, nyasi inakatika. Tapi haikatiki. Kinachokatika ni goti."

Hilo nalo andikeni. Nilikwenda kumwambia Amisi. Akacheka.

"Papa, nivae gani? Jozi iko moja, na hii ni ya kukopa."

Kapteni yule alikuwa na mfuko mzima wa viatu. Mguu wake na wa Amisi, kwa macho yangu, ilikuwa sawa. Mimi ambaye hata nikinunua chumvi naomba nyongeza, sikuomba jozi moja ya viatu kwa muda wa dakika tisini. Nilisema tutaonekana washamba.

Saa sita kamili nilikuwa namwaga maji kwa bido, dumu baada ya dumu, ili tapi ipoe. Gundi ya viatu haikutengenezwa kwa ajili ya jua lile; ilikuwa imelainika kama asali. Nilipofika kona ya kulia, kandambili yangu ikanasa. Kibamba kimoja kilikuwa kimeachia, uzi umekatika, na mdomo umefunguka urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole. Niliinama. Sindano ilikuwa nyumbani. Kushona pale vizuri ni kazi ya saa nzima, na watu walikuwa wameshajaa pembeni, Prezida katika kiti chake, mama Amisi amegeuza mgongo.

Nilichukua mchanga viganja vitatu, nikajaza ule mdomo, nikapiga kisigino, nikasimama. Nikajiambia: ukisema sasa, mechi inafutwa, ndege inaondoka, Amisi anabaki. Nikajiambia namsaidia yeye.

Alicheza, nyinyi. Msiwasikilize wanaosema hakuwa tayari. Alimpita beki wao mara ya kwanza kwa mbio, mara ya pili kwa kumdanganya kwa bega, na mara ya tatu beki alianguka bila kuguswa na mtu, uwanja mzima ukacheka, hata kapteni wao akacheka. Antrenere wao aliacha kukaa. Alisimama na mikono nyuma, na hakuwa anatazama mpira, alikuwa anatazama miguu ya Amisi.

Dakika ya thelathini na nne, Amisi alipokea mpira kwenye kona. Akasimama ghafla ili ageuke kushoto. Mwili uligeuka. Mguu haukugeuka. Nilikuwa hatua kumi na nne kutoka pale, na pamoja na kelele zote zile, nililisikia goti.

Hakulia. Alisema, "Papa Saleh, nitoe kiatu." Nikapiga magoti nikivute. Kiatu kilipotoka, kibamba cha tapi kilikuja nacho, kimeshikwa na kramponi mbili. Nikakikung'uta upesi, nikakirudisha mahali pake, nikakifunika kwa mchanga. Hata wakati ule, mkono wangu ulikuwa unaficha.

Kwa nyuma nikasikia mama yake akiuliza watu, bila kugeuka, "Mbona mumenyamaza? Ni goli?"

Antrenere wa wageni alikuja, akatazama goti, akasema pole kwa heshima. Saa kumi ndege iliondoka. Jioni Prezida aliniuliza kama tapi ilikuwa sawa. Nikasema ilikuwa sawa, Prezida, ni viatu. Na kwa kuwa viatu kweli vilikuwa na makosa, watu wote walikubali, na maneno hayo yakazunguka mji mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuyasikia kama habari.

Goti halikunyooka tena. Amisi alihamia Salamabila kwa mjomba wake, anauza esansi, petroli, kwa chupa barabarani kwa watu wa pikipiki. Mimi nilimaliza miaka yangu miwili nikishona kila asubuhi, nikaacha kazi. Sasa tapi imetoboka mahali pengi, na wamama wanaanika mihogo juu yake; inakauka haraka, na wanagombania nafasi. Ni matumizi mazuri kuliko yote iliyowahi kupata.

Miaka mitatu sikwenda kumuona. Mwisho wa kiangazi kilichopita nilipanda pikipiki, njia nzima nikijifunza maneno. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa mbele kwa sababu hauna namna nyingine.

"Papa Saleh! Umekuja kuchimba zahabu na umri huo?"

"Nimekuja kwako."

"Kwangu iko esansi tu."

Sikukaa. "Amisi, ile siku, kwenye kona, tapi ilikuwa imefunguka. Nilipaona kabla ya mechi. Niliweka mchanga, nikanyamaza."

Alikuwa anamiminia mteja. Hakumwaga hata tone. Pikipiki ilipoondoka ndipo alipojibu.

"Najua, Papa. Nilikuwa nyuma ya goli, nafunga kamba za viatu. Nilikuona unapiga kisigino."

"Na ukacheza?"

"Nilisema, Papa Saleh amepaona. Kama yeye amepaona, basi iko sawa."

Nimetukanwa na Mzee Sumaili miaka mingi, kwa Kiswahili na kwa Kizimba, lugha ya kwao. Hakuna tusi lililowahi kunikalisha kama lile. Lakini kigoda kilikuwa kimoja, nikabaki nimesimama.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "Ulinyamaza kwa ajili yangu?"

Hilo ndilo neno nililojifunza njia nzima: kwa ajili yako, mwanangu, ili usikose nafasi. Lilikuwa tayari mdomoni. Naye angelipokea, nilimwona anangoja alipokee.

"Hapana," nikasema. "Viungo vilikuwa vyangu. Sikutaka watu wajue kama vimenishinda."

Akatikisa kichwa polepole, akaanza kupanga chupa zake, ndefu nyuma, fupi mbele. Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza, na hakuniambia nikae. Pikipiki ya kurudi Kasongo ikapita, dereva akaniita, nikamwambia aende. Ikapita nyingine, nikamwambia aende. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara aliponiuliza, macho yakiwa bado kwenye chupa:

"Papa, umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikamwambia bado.